Hamu si Utamu: Kuirudisha Ladha ya Maisha Mokambo

Kwa mtu wa Mokambo aliyeacha kunywa, saa ngumu ni saa kumi na moja jioni. Asubuhi ina shughuli zake: kuna mzigo wa kuvusha, kuna foleni ya forodha, kuna dereva anayetafuta vibarua wa kufunga turubai. Mchana una jua na njaa. Lakini jua likishaegemea msituni, vibarua wanalipwa, mbabula, yale majiko ya mkaa, zinawashwa kando ya barabara, muziki unafunguliwa, na kila aliyeketi karibu anajua kwamba lori halitaondoka leo. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo aliyemwambia aache hakumpa jibu lake: jioni hii niifanyie nini?

Swali hilo linaonekana dogo, na ndiyo maana hupuuzwa. Mahubiri, maonyo ya zahanati na machozi ya mama mzazi, vyote husema neno moja: acha. Ni nadra kumsikia anayeeleza mtu atafurahia nini akishaacha. Makala haya yanachunguza upande huo: kwa nini mraibu hupoteza ladha ya mambo ya kawaida, kama chai, usingizi, mvua na maongezi, ladha hiyo hurudije, na mji wa mpakani kama Mokambo unaweza kufanya nini ili irudi. Naliona jambo hili kuwa sehemu ya tiba, na kulisukuma mwishoni kana kwamba ni pambo kumewagharimu wengi.

Mji wa kungoja

Mokambo iko katika eneo la Sakania, jimbo la Haut-Katanga, ikipakana na Zambia upande wa Mufulira. Jina hilohilo lipo pande zote mbili za kizuizi. Malori mengi ya shaba na kobalti kutoka Lubumbashi na Kolwezi hupitia Kasumbalesa, lakini Mokambo nayo ina foleni yake. Tena ina msafara usio wa kawaida: Wazambia wanaotoka Copperbelt kwenda mkoa wa Luapula hukata ndani ya ardhi ya Kongo kwa takriban kilomita 70, kutoka Mokambo hadi Chembe, ambako daraja lililopewa jina la Rais Levy Mwanawasa lilifunguliwa mwaka 2008. Watu wanatoka nchini mwao na kuingia nchini mwao kwa kupitia nchi ya jirani.

Mji wa namna hiyo hula kwa kungoja. Dereva anangoja karatasi, kibarua anangoja dereva, mama muuzaji anangoja kibarua alipwe. Kungoja nako kunataka kitu cha mkononi. Kuna bia za viwandani, Simba ikiwa maarufu kuliko zote kwa watu wa Katanga. Kuna lutuku, pombe kali ya kukenekwa kwa mahindi au muhogo, ambayo nguvu yake haipimwi na mtu. Kuna bangi. Na kwa miaka kadhaa upande wa Zambia kulikuwa na tujilijili, vile vipakiti vidogo vya pombe kali vilivyoingia mfukoni mwa mwanafunzi bila kuonekana.

Zambia ilivipiga marufuku vipakiti hivyo Aprili 2012. Tanzania ilifanya vivyo hivyo kwa viroba mwezi Machi 2017. Hatua hizo zilikuwa sahihi, kwa sababu kitu kinachopatikana kwa bei ya peremende hunywewa kama peremende. Lakini marufuku huondoa kifungashio, na saa kumi na moja jioni hubaki palepale. Mwaka 2021 Kinshasa ilipatwa na janga la bombé, unga uliochanganywa na mabaki yaliyosagwa ya kifaa cha kuchujia moshi wa magari pamoja na vidonge. Vijana waliouvuta walisimama barabarani wakiwa wameinama, hawajalala wala hawako macho. Jioni iliyo tupu hutafuta cha kuijaza, na ikikosa hiki hushika kile.

Hamu na utamu

Kiswahili kimeyaweka jirani maneno mawili ambayo sayansi ya ubongo ilichukua miongo kadhaa kuyatenganisha: hamu na utamu.

Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montréal, James Olds na Peter Milner walipachika waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya na kuunganisha waya huo na kitufe. Panya alikibonyeza kitufe tena na tena, saa baada ya saa. Wengi wakadhani kwamba sasa makao ya raha yamepatikana. Baadaye Kent Berridge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan wakaonyesha kwamba mambo yana pande mbili. Panya aliyepokonywa karibu dopamini yake yote bado alilamba midomo alipowekewa sukari kinywani. Utamu aliusikia. Alichokipoteza ni msukumo wa kuinuka na kuufuata. Dopamini, kwa hiyo, inabeba hamu zaidi kuliko inavyobeba utamu.

Tofauti hiyo inaeleza jambo ambalo kila aliyekaa na mlevi wa miaka mingi amelishuhudia. Mtu anakwambia waziwazi kwamba kinywaji hakina ladha tena, kwamba tumbo linamchoma, kwamba amechoka nacho, na huku anasema mkono wake unanyooka kuchukua glasi. Wanaomtazama humwita mwongo. Si mwongo. Utamu umekwisha siku nyingi, hamu imebaki na imenenepa.

Upande wa pili wa hasara unahusu mambo madogo. Watafiti George Koob na Michel Le Moal wameeleza jinsi ubongo unaosukumwa juu mara kwa mara unavyojirekebisha kwa kushusha kiwango chake cha kawaida. Picha za ubongo zilizopigwa na Nora Volkow na wenzake zimeonyesha kwamba waraibu wa vitu mbalimbali huwa na vipokezi vichache vya dopamini vya aina ya D2. Tafsiri yake nyumbani ni hii: chai ya asubuhi, mtoto anayesimulia ya shuleni, upepo baada ya joto, vyote bado vipo, ila sauti yake imekuwa ndogo mno kwa sikio lililozoea kelele.

Hali hiyo ni kama ya mtu anayetoka kwenye jua kali la Oktoba na kuingia ghafla katika nyumba yenye dirisha dogo. Haoni kitu. Viti vipo, meza ipo, mwenyeji yupo na anamkaribisha, lakini yeye anaona giza. Asipoambiwa kwamba macho yatazoea, ataamini kwamba nyumba ni tupu, na atarudi juani.

Macho huzoea baada ya muda gani? Mwaka 2001 Volkow na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu 5 waliokuwa wakitumia methamfetamini. Baada ya miezi 12 hadi 17 bila dawa hiyo, alama za dopamini katika ubongo wao zilikuwa zimerudi kwa kiasi kikubwa, ingawa wepesi wa kumbukumbu na wa viungo haukuwa umerudi wote. Watu 5 ni wachache, na methamfetamini si lutuku. Hata hivyo funzo lake linafaa kushikwa: kupona kupo, na hupimwa kwa miezi, wala si kwa siku.

Familia nyingi hazijaambiwa hivyo. Zinatarajia kwamba baba akiacha kunywa nyumba itajaa kicheko wiki hiyohiyo. Badala yake zinamwona amenuna, halali, hana la kusema. Mke anajiuliza kama bora alivyokuwa mwanzo. Naye mwenyewe anajiuliza kama maisha ya mtu asiyekunywa ndiyo haya. Wengi hurudia pombe katika kipindi hicho cha kijivu, na watu huchukulia kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Ukweli ni kwamba dawa ilikuwa imeanza kufanya kazi, na hakuna aliyewaeleza ingeonekanaje mwanzoni.

Kinachorudi

Kabla ya kuzungumzia raha, lipo onyo la uhai. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikatishe pombe ghafla akiwa peke yake. Mwili unaweza kumjibu kwa kutetemeka, degedege, kuona visivyokuwepo, hata kifo. Siku hizo za kwanza ni za hospitali au zahanati, pamoja na vitamini B1 ambayo pombe huimaliza mwilini. Raha ndogo huanza baada ya hatari hiyo kupita.

Mara nyingi wa kwanza kurudi ni mdomo. Hamu ya chakula inaamka, na mtu aliyekuwa akila ili asilale njaa anagundua kwamba sombe, yaani kisamvu, ina harufu yake, kwamba bukari (ugali) ya moto ikichovywa kwenye mchuzi wa dagaa wa kapenta ina jambo la kusema. Katanga ni mahali pazuri pa kuamka kwa namna hiyo. Mvua zinapoanza kati ya Oktoba na Novemba, msitu wa miombo unaopita pande zote mbili za mpaka hutoa uyoga wa kila aina, ukiwemo ule mkubwa unaoota kwenye vichuguu vya mchwa, ambao wanasayansi huuita Termitomyces titanicus na ambao kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja. Kuna viwavi wa msituni wanaokaushwa na kukaangwa. Kuna kikanda, kile chakula kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi na unga wa karanga. Vitu hivi havihitaji pesa nyingi. Vinahitaji mtu aliyeamka mapema, mwenye miguu inayotii na jirani wa kwenda naye porini.

Usingizi hurudi kwa kusuasua. Miongoni mwa walioacha pombe, usiku mbovu unaweza kuendelea kwa miezi kadhaa. Lakini ukirudi huleta zawadi ambayo mlevi huwa ameisahau kabisa: asubuhi. Kuamka bila hofu ya kuuliza jana nilisema nini, nilimpiga nani, pesa ziko wapi. Wengi waliopona husimulia asubuhi yao kwa sauti ile ambayo wengine husimulia harusi.

Halafu hurudi sikio na uso. Mtu anaanza kusikia mzaha na kucheka kabla ya kukumbuka kwamba alikuwa amenuna. Anaikumbuka sura ya mtu aliyeongea naye jana. Muziki nao hupata maana mpya. Katanga iliyomlea mwanamuziki Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 akiwa na gitaa moja tu na sauti yake, haikosi vijana wanaopiga gitaa barazani. Kusikiliza nyuzi zikigombana na kupatana ni raha inayotaka kichwa kilichotulia.

Hata hivyo si kila raha ya asili ni salama. Munkoyo ni mfano mzuri. Kinywaji hiki cha unga wa mahindi na mizizi ya porini hupendwa Katanga na Zambia, na kikiwa kimetengenezwa leo ni kitamu, chenye lishe, karibu hakina kilevi. Kikikaa siku kadhaa huchacha na kuwa kitu kingine. Kwa mtu mzima asiye na tatizo, tofauti hiyo ni ya ladha. Kwa mtu aliyeacha pombe, ni mlango. Kwa hiyo mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni wa namna hiyo amwambie bila kuulizwa munkoyo ulipikwa lini, na asikasirike mgeni akiomba chai.

Raha huhitaji mahali

Mtu anaweza kufundishwa kuionja chai yake polepole. Lakini akiinywa kwenye kiti kilekile cha baa, akiwa na wenzake walewale, hamu itaushinda utamu. Tafiti mbili za Marekani zinalionyesha hilo kuliko mahubiri mengi.

Ya kwanza ni ya Lee Robins, aliyefuatilia wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini alipokuwa vitani. Serikali ilitetemeka ikingoja wimbi la waraibu mitaani. Katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, ni karibu asilimia 5 tu ya waliokuwa waraibu ndio waliorudia uraibu wao. Walikuwa wameacha nyuma yao ile nchi, ule woga na ule mkono uliowauzia. Mtu wa Mokambo hana bahari ya kuivuka. Barabara aliyolewea ndiyo anayoifanyia kazi, na aliyekuwa akimuuzia ni shemeji yake. Asipoweza kuhama mahali, itabidi mahali pabadilishwe.

Ya pili inaonyesha namna ya kupabadilisha. Mwaka 1973 George Hunt na Nathan Azrin walichapisha matokeo ya kazi yao na walevi 16 katika hospitali moja ya Illinois. Nusu yao walipata matunzo ya kawaida. Nusu nyingine walisaidiwa kutafuta kazi, kupatanishwa na wake zao, kupata redio au gazeti nyumbani, na jengo lililokuwa baa likageuzwa kuwa kilabu cha kukutania bila pombe. Katika miezi iliyofuata, kundi la matunzo ya kawaida lilikunywa katika asilimia 79 ya siku, na kundi la pili katika asilimia 14. Kundi ni dogo, lakini wazo limepimwa tena mara nyingi tangu hapo na limesimama: maisha ya kutokunywa yafanywe yenye faida na furaha kuliko ya kunywa.

Uzito wa wazo hilo uko kwenye ile baa iliyogeuzwa. Viti vilibaki, taa zikabaki, watu wakabaki, kilichotoka ni chupa. Maana kiu anayokwenda nayo mtu baa si ya pombe peke yake. Anafuata mwanga wakati nyumbani ni giza, mpira kwenye televisheni, na watu wanaomwita kwa jina.

Afrika Mashariki imejaribu nini

Pwani imekwishaanza safari hii. Zanzibar, ambako heroini iliharibu kizazi kizima cha vijana, nyumba ya kwanza ya upataji nafuu ilifunguliwa mwaka 2009 chini ya Suleiman Mauly, kijana aliyepitia uraibu huohuo na kutoka. Nguvu ya nyumba hizo ni ratiba: kuamka, kufagia, kupika kwa zamu, kuswali, kukutana, kucheza. Mtu anajifunza upya jinsi siku inavyokaa.

Tanzania Bara ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Muhimbili Februari 2011. Kenya ilifuata mwishoni mwa 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, Zanzibar mwaka 2015 na Uganda mwaka 2020 huko Butabika. Methadoni huondoa arosto, yale mateso ya kukosa dawa, na kumpa mtu saa ishirini na nne za utulivu. Inanunua muda, na muda huo unahitaji kujazwa na kazi, chakula na watu.

Kusini mwa Kongo hali ni ngumu zaidi. Lubumbashi ina kituo cha afya ya akili cha Dr Joseph Guislain, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, shirika la Kikatoliki ambalo pia linaendesha kituo cha Sosame huko Bukavu. Kwa mtu wa Mokambo, Lubumbashi ni safari na nauli. Kinachobaki karibu ni kanisa, ukoo na marafiki, na ni makosa kuvidharau. Chama cha Alcoholics Anonymous chenyewe kilizaliwa mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, kutokana na walevi wawili waliogundua kwamba kuongea na mwenzio kunazuia mkono kufika kwenye chupa. Hawakuwa na jengo wala bajeti. Walikuwa na kahawa na wakati.

Pingamizi

Watu watatu watalipinga wazo hili, na wote wana hoja. Wa kwanza atasema kwamba kuzungumzia harufu ya sombe kwa mtu asiye na kazi ni anasa ya wenye nafasi. Ni kweli kwamba raha ndogo haimlipii mtoto ada. Lakini mwenye njaa naye ana jioni, na biashara ya lutuku inalijua hilo vizuri. Tukimnyima mazungumzo ya furaha eti kwa sababu ni maskini, tunamwachia muuza pombe uwanja wote.

Wa pili, mganga, atasema uraibu ni ugonjwa unaohitaji dawa na wataalamu. Sahihi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 400 waliishi na matatizo ya matumizi ya pombe, na hakuna mbabula wala gitaa litakalowatibu wote. Hoja yangu ni kwamba dawa inayomrudisha mtu kwenye jioni tupu inafanya kazi peke yake, na dawa iliyo peke yake huchoka.

Wa tatu ni mtu wa dini, anayehofu kwamba tunabadilisha toba na starehe. Namwomba akumbuke kwamba kushukuru kwa chakula ni sala fupi ambayo mlevi hawezi kuiomba, kwa kuwa chakula hakimfikii. Anayekisikia tena ameanza kushukuru.

Pingamizi la nne nalileta mwenyewe. Habari hizi zisigeuzwe kuwa fimbo. Tusimwambie mtu wa wiki ya tatu, mbona hufurahii chai yako, wakati ubongo wake bado uko gizani. Furaha haiamriwi. Huandaliwa mahali, na kungojewa.

Cha kufanya Mokambo

Kama kungoja ndiyo kazi ya mji huu, basi mji unajua kungoja kuliko miji mingine. Kinachohitajika hakizidi uwezo wake. Chumba kimoja chenye taa na televisheni, cha parokia au cha chama cha vibarua, ambamo mechi ya TP Mazembe inatazamwa kwa chai na mihogo. Lubumbashi, mji ulioifikisha klabu hiyo fainali ya klabu bingwa ya dunia mwaka 2010, uko katika jimbo hilihili, na shangwe yake haikuhitaji kilevi. Bustani ya mboga ambayo saa ya kuimwagilia ni jioni, maana mtu mwenye ndoo mbili mkononi hana mkono wa tatu. Kwenye kilio, ambako pombe huzunguka usiku kucha, meza moja ya chai iwekwe mbele, isifichwe jikoni, ili anayeichagua asionekane anajitenga na msiba.

Na kuna jambo lisilohitaji hata chumba. Mtu akitoka hospitali, au akitangaza kanisani kwamba ameacha, sisi majirani tuna desturi ya kumchunguza. Tunanusa pumzi yake. Tunahesabu siku zake, wengine kwa matumaini, wengine kwa kumngojea aanguke. Tumuulize jambo jingine: saa kumi na moja huwa unakuwa wapi? Halafu tumtajie mahali tutakapokuwa sisi, na kile kitakachokuwa jikoni.